Ugonjwa wa Injini Unaohama

Jumatatu, 4 Machi

Sina mtu wa kumfokea humu ndani, kwa hiyo nitaandika. Mume wangu, Baba Pacha, simfokei. Tangu kiharusi kimpige mwaka jana, ukimpandishia sauti anageukia ukutani na siku hiyo hali chakula. Pacha wenyewe wameolewa mbali, nikilalamika kwenye simu wananiambia "Pole mama" halafu wananiuliza habari za mvua. Kiwandani tunashona sare za shule, vyerehani vinapiga kelele kutwa, hata ukilia hakuna atakayekusikia.

Habari za mvua ni kwamba zimeanza leo. Na gari nalo limeanza leo. Nililiwasha jioni lipashe moto tu, maana kesho ni siku ya hospitali, likatetemeka lote mpaka kioo cha pembeni kikawa kinacheza. Nikazima, nikawasha tena, likatulia. Nikajifanya sijaona.

Jumanne, 5 Machi

Halikutulia. Tulipofika kwenye kile kilima kirefu cha kwendea hospitali likaanza kuruka. Mimi ni mshonaji, najua cherehani inavyoruka mishono: inapiga, inapiga, inapiga, inaacha. Ndivyo lilivyofanya. Mafundi wanasema gari linamisi. Nyuma yetu watu wakawa wananipigia honi kana kwamba nimepanga.

Tulifika kwa shida. Yule dada wa mazoezi akampa Baba Pacha vibanio vya nguo avibane kwenye kamba kwa mkono wa kulia, ule ulioumia. Hakubana hata kimoja. Vidole vinakaribia kukutana, halafu vinaachia. Dada akamchukua mkono wa kushoto, ule mzima, akauingiza kwenye mfuko wa suruali ya Baba Pacha mwenyewe.

"Baba, huu ukae humu. Ukiwa nyumbani pia. Kila kazi utakayoweza, fanya na huu wa kulia, hata ukikosea. Sawa?"

Baba Pacha akaitikia kwa kichwa. Ni mtu wa kutii maagizo ya watu wengine, siyo yangu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua kutwa. Sikuligusa gari, na lenyewe halikuniomba nilishike.

Ijumaa, 8 Machi

Leo limegoma kabisa. Nusu ya kilima likaishiwa nguvu, likawa linarudi nyuma huku nimekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nililigeuza hivyo hivyo tukarudi nyumbani. Zoezi limepita bure. Basi hawezi kupanda, ngazi zake ni ndefu na makondakta hawana subira na mtu wa fimbo.

Hatujavua hata viatu, wifi akapiga simu. Ni dada mkubwa wa Baba Pacha, anakaa nyuma ya hospitali, na huwa anakuja kutuchungulia tukiwa kwenye mazoezi.

"Wifi, mbona sijawaona?"

"Gari imegoma."

"Imegoma tena?"

"Tena vipi? Ndiyo mara ya kwanza."

"Mimi sitaki maneno, wifi. Tarehe saba mwezi wa tano daktari anampima ule mkono aone kama kuna haja ya kuendelea na mazoezi. Akikosakosa hivi, utakauka. Mimi hapa natembea tu nimefika hospitali. Hiyo gari ikiwasumbua mpaka siku hiyo, namchukua kaka yangu anakaa kwangu."

"Na mimi nikae wapi?"

"Wewe una kazi yako huko. Utakuja Jumapili kumwona."

Nimeolewa na mtu huyu tangu nina nywele nyeusi, leo nije kumwona Jumapili kama mgeni, niletewe soda kwenye sinia! Nilipokata simu nikamgeukia mwenyewe. Nikamuuliza, "Unataka kwenda kwa dada yako?" Alihangaika na neno mpaka jasho likamtoka. "Nyu… mbani," akasema, na akapiga sakafu ya chumba chetu kwa fimbo nisije nikadhani ni nyumbani kwa mwingine.

Basi nimeelewa. Nina mpaka tarehe saba ya mwezi wa tano kulinyamazisha gari hili.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwita fundi wa mtaani, tunayemwita Fundi Kesho, na mwenyewe anajua kwa nini. Alikuja saa sita badala ya saa mbili, akaliwasha, akaweka sikio kama daktari, akafumba macho.

"Shem, hapa ni pampu ya petroli. Au kabureta. Au zote mbili."

"Utatengeneza lini?"

"Kesho."

Nikamshukuru, nikamfungulia geti. Kisha nikamtolea Baba Pacha kiti, nikamweka mlangoni pa jikoni, hatua mbili kutoka kwenye boneti. Gari hili ni lake. Alilinunua pacha wakiwa wananyonya, na miaka yote hiyo hakuna fundi aliyeruhusiwa hata kuegemea. Jumapili wenzake wakienda kwenye mpira yeye alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo nje. Sasa mikono itakuwa yangu na akili yake, nikamwambia. Hakufurahi, lakini alikaa.

"Pla… gi," akasema.

Kumbe kuna waya nne nene zinazokwenda kwenye injini, kila moja ina kikofia cha mpira mwishoni, na chini ya kikofia ndiyo plagi inayopiga cheche. Nilivuta vikofia mpaka nikaguna. Plagi zote zilikuwa nyeusi tititi, moja imelowa petroli. Nikaenda dukani nikanunua mpya, nikazifunga, nikarudisha vikofia kwa nguvu zangu zote. Nikawasha. Utadhani gari la jirani! Limetulia kimya, linapumua tu.

Nimejisikia mwanamke wa maana. Nimepika nikiimba.

Jumanne, 12 Machi

Tumepanda kilima bila hata kubadili gia. Wifi alikuwepo. Nilimpungia mkono kwa madaha.

Ijumaa, 15 Machi

Linamisi.

Sitaki kuandika zaidi, nitatoboa karatasi.

Jumamosi, 16 Machi

Nimepoa kidogo. Jana tulifika hospitali tumechelewa, tukapewa robo ya muda. Leo nimerudi kwenye boneti, yeye kwenye kiti chake. Amenifundisha kipimo. Injini inawaka, unavuta waya mmoja, unasikiliza. Gari likizidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, unairudishia. Ukivuta na gari lisijali, basi hapo ndipo penye maiti.

Alichosahau kuniambia, au hakuweza, ni kwamba unavuta kwa kitambaa kikavu. Nilishika waya wa kwanza kwa mkono mtupu. Shoti iliyonipiga ilinirudisha mpaka kwenye ndoo ya maji machafu, nikakaa humo. Baba Pacha akacheka. Tangu kiharusi sijamsikia akicheka, na leo amecheka mpaka fimbo ikamdondoka. Nilitamani kumrushia spana.

Maiti ilikuwa silinda ya tatu. Waya wake ulitoka kirahisi, nikafikiri nimeanza kuzoea kazi. Nikavuta na mingine, nikanunua waya mpya seti nzima, nikazikandamiza mpaka kidole gumba kikauma. Gari likatulia. Kumbe zilikuwa waya! Plagi mpya nimeziunganisha kwenye waya mbovu, nitashangaaje?

Jumatatu, 18 Machi

Nimefua. Shati zake zote zimetoka na madoa meusi kwenye mikono. Ujinga wangu, nimeziloweka pamoja na nguo ninazolalia chini ya gari.

Ijumaa, 22 Machi

Linamisi. Na safari hii siyo ya tatu, ni ya kwanza! Nimepima mara mbili kwa kitambaa. Ya tatu nzima, ya kwanza imekufa. Nimewahi kusikia ugonjwa unaohama kwa watu, unauma goti leo kesho bega, lakini chuma?

Nimemuuliza Baba Pacha inawezekanaje. Akaikunjia injini uso kwa muda mrefu, akasema, "Ma… ji." Ina maana mvua inaingia. Nimefungua kile kifuniko zinakotokea waya zote nne, nikakifuta, nikakikausha kwa kikausha nywele cha pacha walichokiacha, nikarudisha waya. Likatulia. Nimekifunika kifuniko kwa mfuko wa plastiki. Lifanye sasa nione.

Jumanne, 26 Machi

Limefanya.

Jumamosi, 30 Machi

Fundi Kesho alipita, akaona boneti iko wazi, akaingia bila kuitwa.

"Shem, hapa mnajisumbua. Ugonjwa ukihama hivyo ni injini yenyewe. Tunashusha yote, tunafungua kichwa."

"Na mkishusha, mtarudisha lini?"

Akaangalia pembeni. Hata yeye ilimshinda kulitamka.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimekwisha shuku petroli yenye maji. Nimemwaga tangi. Nimekwisha shuku panya, nimetega. Nimeshika mipira yote ya hewa nikitafuta ufa, nimeinyunyizia maji ya sabuni mpaka injini ikatoa povu kama mtoto wa kuogeshwa. Kila nikigusa kitu kipya, gari linapona. Siku mbili tatu, linaumwa. Natamani liharibike moja kwa moja nijue moja, kuliko kunichezea hivi.

Mkono haujabana kibanio hata kimoja. Dada wa mazoezi ameanza kuongea nami kwa ile sauti ya upole ambayo watu huitumia wakishakata tamaa.

Jumapili, 7 Aprili

Wifi amekuja kwenye mvua, amelowa. Hakuja mikono mitupu. Amekuja na kamba, akapima nayo urefu wa kaka yake akiwa amelala, maana ameshaagiza kitanda. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu jibu ambalo lingemkaa. Nikamfuata jikoni nikamkuta ameegemea sinki, analia bila sauti.

"Baba yetu alianza hivi hivi, wifi. Mkono. Tukasema utarudi wenyewe. Ukakauka mkono, akakauka na yeye mzima."

Sikuwa nalijua hilo. Nilimpa taulo. Bado simpi mume wangu, lakini siwezi tena kumchukia vizuri kama mwanzo.

Alhamisi, 18 Aprili

Linamisi, ya nne. Ya nne iko nyuma kabisa, ukiifikia umechubuka kiwiko. Nimechubuka.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo nimefanya jambo. Jirani wa nyuma, yule wa kuanika nguo kwenye ukuta wetu, aliniuliza, "Mama Pacha, siku hizi mna fundi wa mchana? Nasikia boneti yenu inafungwa ukiwa kazini."

Damu ikanipanda kichwani. Wa kufungua boneti yangu mchana ni nani kama siyo mtu anayetaka tushushe injini? Nilimfuata Fundi Kesho kijiweni kwake, mbele ya wateja wake.

"Unaingia kwangu nikiwa kazini, unachezea gari ili nikuite."

Alisimama na kitambaa chake cha mafuta mkononi. "Shem, niambie mimi ni mvivu. Niambie mwongo wa tarehe. Lakini siharibu kitu cha mtu."

"Basi ni nani?"

"Mimi kwako sijakanyaga tangu ile siku. Muulize mzee, si yupo nyumbani?"

Nimemuuliza mzee kama fundi huwa anakuja. Ametikisa kichwa, hapana, kisha ameangalia sahani yake. Nikajua anamficha, wanaume wanalindana.

Jumatano, 24 Aprili

Nimeweka kufuli kubwa getini. Fundi Kesho amenipita barabarani bila salamu.

Jumanne, 30 Aprili

Na kufuli lote hilo, leo linamisi. Ya pili.

Nililia kwenye usukani, palepale kwenye kilima, mbele ya mume wangu. Alininyooshea mkono, ule wa kulia, ukaishia hewani katikati yetu. Tulirudi. Zoezi la tatu linapotea. Wifi hakupiga simu, ametuma ujumbe tu: "Tarehe 7 nawasubiri mlangoni saa nne. Mkichelewa naondoka naye, nimeshaongea na daktari."

Alhamisi, 2 Mei

Ngoja niandike yote kabla sijaanza kujidanganya.

Umeme ulikatika kiwandani, tukaruhusiwa kurudi. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Nilifungua kufuli taratibu kwa sababu lina kutu, siyo kwa sababu nilikuwa navizia. Nikaona boneti iko wazi.

Nikaokota tofali. Nilikuwa nimejiandaa kumpasua mtu.

Alikuwa Baba Pacha. Fimbo ameitundika kwenye ukingo wa gari, ameegemeza nyonga kwenye taa ili asianguke. Mkono wa kushoto uko mfukoni. Kwa ule wa kulia ameshika kikofia cha waya wa tatu, anavuta. Alivuta, akapumzika, akavuta, uso umemkunjamana, mpaka kikatoka. Akakifuta kwenye shati. Akachungulia plagi. Akakirudisha, akakisukuma kwa kiganja, akakipigapiga kidogo kama mtu anayembembeleza mtoto, akahamia wa nne.

Nikatupa tofali. Likapiga mabati, akageuka.

"Unafanya nini?"

"Na… kagua."

"Unakagua nini?"

"Wewe… hu… kazi vizuri."

Mimi! Mimi ndiye sikazi vizuri! Nilimsogeza, nikakigusa kile kikofia cha tatu. Kimekaa juu juu tu ya plagi, hakijaingia. Ukikitazama utasema kimefungwa. Ukiendesha, cheche inaruka mara inafika mara haifiki, na hewa ikiwa na unyevu haifiki kabisa. Wa nne alikuwa bado hajautoa, nikaukandamiza, ulikuwa umekaza, kazi yangu mwenyewe ya juzi.

Hapo yote yakanijia kwa mpigo. Ugonjwa wa kweli ulikuwa plagi zile za zamani, niliumaliza siku ile ya kwanza. Yote yaliyofuata ni yeye. Nikienda kazini anafungua kukagua kazi ya mkewe, anarudisha waya kwa mkono usio na nguvu. Gari linaumwa. Jumamosi nabadilisha kitu, chochote, na kila ninachobadilisha lazima nitoe waya nizirudishe kwa nguvu, basi linapona. Nikasifu waya mpya, nikasifu kikausha nywele, nikasifu sabuni. Kumbe dawa ilikuwa kidole gumba changu.

Nilimfokea. Nilimfokea kwa yote ya tangu mwaka jana. Nilimwambia kuhusu petroli niliyomwaga, na shoti, na Fundi Kesho niliyemtukana mbele ya watu, na yeye akaangalia sahani. Nikamwambia, "Umejipeleka mwenyewe kwa dada yako! Mimi nahangaika ubaki hapa, wewe unaharibu!" Jirani alikuwa ameacha kuanua nguo. Sikujali.

Hakugeukia ukutani. Alinitazama mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akachukua fimbo akaingia ndani. Mkono wa kushoto hakuutoa mfukoni hata kwa kushikia mlango. Alifungua kitasa kwa ule wa kulia.

Nilibaki na mvua yangu pale. Nilifunga boneti, nikaifungua tena. Nikashika kikofia nilichokikandamiza nikakivuta, na mimi mshonaji wa miaka yote, mwenye vidole vya kukata uzi wa turubai, niliguna. Mkono ambao hauwezi kibanio cha nguo umekuwa ukivivuta hivi vyote vinne, mchana kutwa, tangu mwezi wa tatu.

Nina hasira bado. Nina aibu pia. Na chini kabisa ya hivyo viwili nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, kwa sababu mwenyewe nimemvunja moyo.

Ijumaa, 3 Mei

Gari zima kabisa, lakini yeye hajakanyaga uani. Hospitali alikataa hata kugusa vibanio, akaviangalia tu. Dada akaniuliza, "Leo ana nini?" Nikasema hakulala. Ningemwambia kuhusu waya, lakini mkono wenyewe ulikuwa pale kwenye meza umelala kama glovu, nani angeniamini?

Nilimwambia Baba Pacha, "Nisamehe," tukiwa njiani. Akafungua dirisha akaangalia nje.

Jumapili, 5 Mei

Nilikwenda kumwomba radhi Fundi Kesho, kijiweni, mbele ya watu walewale. Nikasimulia yote. Alicheka akakaa chini.

"Kwa hiyo mzee ndiye fundi wa mchana? Na waya mpya zile ngumu anazitoa?"

"Anazitoa. Kuzirudisha ndiyo kasheshe."

"Kurudisha ndiyo kazi, shem. Kutoa hata mimi naweza." Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Kesho," na safari hii nilicheka na mimi.

Niliporudi nilifungua boneti, nikatundika kitambaa kikavu pembeni, nikaingia jikoni nikafunga mlango. Nikapika kwa kelele makusudi. Saa nzima hakutoka. Nikakata tamaa, nikaanza kuosha vyombo, ndipo nikasikia fimbo ikigonga chuma.

Sikuchungulia. Nitasema ukweli, nilichungulia mara moja. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni.

Jumatatu, 6 Mei

Jioni nimeliwasha. Linamisi. Nimeweka kiganja juu ya vikofia bila kukandamiza, nimejua mara moja ni wa pili. Kuusukuma ni kazi ya kufumba na kufumbua, na kesho ni tarehe saba.

Kidole gumba kilikuwa juu yake tayari. Nikakiondoa. Nikafunga boneti, nikaingia ndani, nikatoka tena, nikaifungua, nikaifunga. Nikikaza mimi, tutafika saa nne kamili na daktari atapima mkono wa mtu niliyemwambia anaharibu. Nisipokaza, huenda tusifike kabisa, na kitanda cha wifi kimeshatandikwa. Nimekaa na hili mpaka chai imepoa, na sijakaza. Kama nimekosea, nimekosea vibaya sana.

Nimemwambia tu, "Gari linasumbua. Mimi limenishinda." Ameacha kula akasikiliza kana kwamba linaunguruma bado.

Jumanne, 7 Mei

Tulitoka mapema, mvua inamwagika kama imeagizwa. Mpaka chini ya kilima gari lilijikokota. Tulipoanza kupanda likaruka, likaruka, nikaona shingo yake imenyooka, sikio limeelekea mbele. Mimi nimeng'ang'ania usukani.

"Si… mama."

Nikasimama pembeni ya barabara. Akafungua mlango, akatanguliza fimbo, akashuka kwenye maji. Malori yanapita yanatumwagia tope. Mwili wangu wote ulitaka kushuka. Nilikaa juu ya mikono yangu. Boneti ikapanda ikaziba kioo, sikumwona tena, nikawa naona kisigino kimoja tu pembeni kwenye mvua.

Kisigino kile kilikaa pale mpaka nikahisi nimezeeka. Kisha akagonga mwili wa gari. "Wa… sha!"

Nikawasha. Likaruka vilevile.

Nikamsikia anatukana, tusi zima lisilo na kigugumizi, la zamani, lile la Jumapili za chini ya gari. Nikazima. Saa nne ilikuwa imeshapita. Nilisema moyoni kwamba nikihesabu magari kumi nitashuka nikaze mwenyewe. Yakapita. Nikasema kumi mengine. Kisigino kikasogea, kikajikita, kikanyanyuka kama cha mtu anayesukuma kwa uzito wake wote.

Akagonga. Sikungoja aseme. Nikawasha, na injini ikanyooka, silinda zote nne, hata mvua ikasikika vizuri. Akaingia amelowa chapachapa, akakaa, akafunga mkanda wake. Hakuniangalia. Tukapanda kilima.

Wifi alikuwa mlangoni na mwavuli, uso umemvimba kwa kusubiri. Daktari nyuma yake anaangalia saa.

"Si nilisema? Wifi, si nilisema mkichelewa? Na mmemlowesha mgonjwa! Nini kimetokea?"

Nikafungua mdomo. Lakini Baba Pacha alikuwa amenitangulia. Alinyoosha mkono wa kulia mbele ya uso wa dada yake, umejaa weusi mpaka kwenye kifundo, umechubuka kiwiko. Vidole vimekunjwa, vimeshika kitambaa cha mafuta, na havikuachia.

"Gari… ilisumbua," akasema. "Nime… tengeneza."

Wifi akanigeukia mimi, macho yanataka nimwambie kama ni kweli au anapotea akili. Daktari naye akanigeukia.

"Mimi sikushuka hata garini," nikawaambia.